Unga wa Kutafutia Maji

Mvua ya kwanza ilitukuta Sikonge na siri ikatoka:
zulia la pikapu limelowa upande wa abiria,
linanuka kama gunia lililosahauliwa shambani.
Msabila akasema ni raba ya kioo.
Fundi wa Tabora mjini, kwa simu, akasema ni mlango.
Kila mtu alikuwa na tundu lake.

Mimi nikafungua kiti, boliti nne,
moja imeliwa na kutu, ikakataa mpaka nikaitukana.
Nikang'oa zulia, nikalianika juu ya mizinga mitupu.
Chini yake: mbegu za ukwaju, shilingi tano ya zamani,
na bati jekundu, jembamba kama ganda la kitunguu.

Maji ni mwongo.
Yanaingilia kichwani, yanajionyesha miguuni.
Yanashika ukingo wa bati, yanatembea kimya
kama mtu anayedaiwa,
yanapumzika penye waya,
ndipo yanadondoka, mbali na kwao.
Ukiziba yanapodondokea, umeziba mdomo wa shahidi.

Basi nikachukua unga wa muhogo, mkavu wa kukohoza,
nikapaka kila mshono ndani ya kebini,
nikajikunja humo, tochi mdomoni.
Nje, Kalunde juu ya pipa, na kopo.
"Anzia chini," nikamwambia, "upande polepole.
Ukinimwagia gari zima nitajuaje?"
Mlango, kopo tano. Unga mweupe.
Kioo, kopo saba. Mweupe.
Msabila akapata kazi ya kufanya nyuma ya nyumba.
Chini ya waipa tukazoa majani ya miombo nusu debe,
yameshakuwa mboji, mche umeota humo. Bado mweupe.
Paa. Kopo la pili tu,
mstari wa kijivu ukatokea kwenye unga,
ukarefuka, ugali mwembamba kama uzi.

Tundu la antena.
Baba alilitoboa mwenyewe, mwaka wa redio mpya,
asipitwe na bei ya tumbaku akiwa njiani Ipole.
Redio ilikufa. Antena ilivunjwa na tawi la mninga.
Sisi tukasahau.
Lilikuwa limezibwa kwa nta,
nta juu ya nta, nyeusi, ya kahawia, ya njano,
upande mmoja umeachia,
na juu kabisa alama ya dole gumba, nusu imefutika.

Jua la Oktoba la huku halina urafiki na nta.
Kumbe kila mwaka, kabla ya mvua, alipanda pale
na kipande alichokilainisha kiganjani,
akabonyeza, akashuka, hakusema.
Miaka ishirini na miwili tulikaa pakavu
tukadhani ni uzima wa gari.
Tulimzika Agosti. Novemba hakuna aliyepanda.

Nimeziba kwa silikoni ya dukani, elfu nane.
Ni bora, sibishi. Nta ingenidai kila mwaka.
Ile ya zamani nimeibandua nzima,
nimeiweka kwenye kisahani cha majivu cha dashibodi
ambacho hakijawahi kuona sigara.
Oktoba itayeyuka, najua.

Kalunde ananusa vidole vyake.
Halafu anachuchumaa, ananiita:
chini ya mlango wa dereva, matundu mawili ya kutolea maji,
yote yamejaa udongo.
Nipe waya, namwambia.