Feni ya Pikapu

Deming, Julai. Mabati ya karakana yanalia kwa jua.
Eloisa kainamia injini, spana mdomoni,
Tranquilino anamulika tochi pasipotakiwa.

Feni ya zamani imetoka na klachi yake,
nzito kama kichwa cha ndama.
Miaka thelathini na moja ilizunguka tu:
injini ikigeuka, nayo inageuka,
hata asubuhi za barafu, pasipo joto la kupoza.
"Kama kaka yangu," asema Tranquilino. "Hakujua kukaa."
Eloisa hajibu. Anabana waya wa rilei.

Hii mpya ni ya plastiki,
kaing'oa kwenye gari lililogongwa Las Cruces.
Washa.
Kimya. Mshale unapanda.
Mia na themanini. Mia na tisini.
"Umekosea fyuzi, mwanangu, nilikwambia fy—"
Vuuu!
Vumbi la marehemu lawajaa machoni.

Anazima. Anachomoa ufunguo.
Injini imenyamaza, feni haijanyamaza;
inapuliza chuma kilichokwisha kazi,
bila haraka, peke yake.
Wamesimama, mikono grisi tupu.

"Itamaliza betri," asema Tranquilino.
"Mwache."