Kielelezo Namba Moja

Kazi yangu Muheza ni kuandika vitu, siyo kuhukumu.
Sufuria moja ya uji, haina mfuniko.
Vikombe vya plastiki kumi na kimoja, viwili vina ufa.
Pini moja ya mtandio.

Lori liliwatema usiku, likageuza kuelekea Segera.
Wakajilaza katikati ya mistari ya mkonge, Ngomeni,
miba ikawaingia viganjani, mabegani.
Alfajiri Mwantumu binti Mhina alitoka kuchota maji
akarudi na vijana kumi na mmoja,
kama mtu aliyetumwa chumvi akarudi na harusi nzima.
Lugha hawakuwa nayo. Walikuwa na vidole:
kimoja tumboni,
kimoja kusini.

Mwendesha mashtaka, lebo ya suti bado iko mkononi,
akauliza: Uliwaweka siku ngapi?
“Mbili. Ya tatu ningewapa jembe,
mkawahi ninyi.”
Watu wakacheka, hata askari wa mlangoni.
Kicheko hakiandikwi kwenye mwenendo wa shauri.
Kilichoandikwa: mshtakiwa amekiri siku mbili.

Na pini?
“Ya kutolea miba.”
Miba iko wapi?
Hapo akanyamaza.
Nani huweka akiba mwiba aliokwisha kuutoa?
Ikaandikwa: ameshindwa kuthibitisha.

Faini ilitajwa kwa mamilioni.
Kaka yake, mkata mkonge, akaanza kuigeuza kuwa mizigo,
mzigo kwa mzigo, midomo inatembea bila sauti,
akaishia njiani, akavaa kofia yake ndani ya mahakama
na hakuna aliyemkemea.

Nje, vijana wakipandishwa karandinga,
mmoja alimwita kwa neno pekee la Kiswahili alilokuwa nalo:
“Uji!”
Akageuka, akaitika.

Kielelezo hakioshwi. Ndiyo taratibu.
Uji umekaukia chini, umepasukapasuka
kama tope la Mkulumuzi wakati wa kiangazi,
na rufaa, wanasema, huenda ikachukua mwaka.

Leo asubuhi nimefungua stoo.
Sisimizi wametokeza kwenye ufa wa ukuta, mstari mmoja,
wanapanda sufuria mikono mitupu,
wanashuka kila mmoja na chembe yake.
Dawa ya kupuliza ninayo, iko kwenye droo.
Nimesogeza boksi la mafaili lililowazibia njia,
nikarudishia mlango taratibu.

Daftari liko wazi mbele yangu.
Tarehe nimejaza.