Sikio la Simu

Meza yangu ipo Sabasaba, nyuma ya wauza mitumba,
bati nne, taa moja, kiti cha mteja chenye mguu wa waya.
Upepo wa Agosti ukipita na vumbi lake
nafunika ubao wa simu kwa kiganja
kama mtu anayekinga kibiriti.

Aliweka boksi mbele yangu, hakuuliza bei.
Mama Mbeleje, wa Mvumi.
"Chilewa kaituma toka Maskati.
Nikiweka laini yangu, inaniuliza swali."
Nikaiwasha. Swali lenyewe nalijua:
ingiza namba ya kufungulia mtandao,
na chini yake, kwa herufi ndogo za dharau,
umebakiza mara tatu.

Mara tatu.
Nimeona vijana wakizimaliza kwa kubahatisha,
sifuri nane, moja mbili tatu nne, mwaka wa kuzaliwa,
mpaka simu ikanyamaza, ikawa kigae cha bei mbaya.
Nimeona na programu za bure:
zinafungua mlango wa mtandao
na kuuacha wa pesa wazi nyuma yake.

Risiti? nikauliza.
"Ya zawadi?" Akacheka, akajifuta macho na ncha ya khanga.
Nikabonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli.
Tarakimu kumi na tano zikajipanga.
Nikazisoma na za kwenye boksi, moja moja.
Zote zilikubaliana.

Asubuhi ile ile alikuja mwingine,
viatu visafi mno kwa mji huu,
simu bila boksi, bila chaja.
"Fundi, badilisha namba yake ya ndani. Laki, sasa hivi."
Kabla hajafunga mdomo ikatetemeka mkononi mwake:
Baba Teddy anapiga.
Akaibonyeza, ikafa.
Nikasema sina kifaa.
Ninacho. Kipo droo ya pili, chini ya waya wa risasi.
Mwaka juzi kilinilipia kodi ya chumba Chang'ombe, miezi mitatu,
na sijamwambia mtu mpaka leo.

"Na hii tukiifungua," Mama Mbeleje akauliza, "si wizi? Nasikia kuna sheria."
Nikaanza: kampuni, mkataba, mkopo, mamlaka,
maneno yakanigoma kama uzi kwenye sindano yenye kutu.
"Ngoja," akasema.
"Ng'ombe ni wangu. Nikimfungulia zizi
akanywe lambo la upande wa pili, nani atanishika?
Labda aliyenikopesha, kama sijamaliza kumlipa.
Lakini ukimkata sikio upya, ukafuta alama ya ukoo,
hata umchunge vizuri, hata umpe jina,
wewe ni mwizi mpaka kwenye maziwa."

Nikainama kutafuta skrubu
ambayo haikuwa imeanguka.

Nikamwambia ukweli wa kazi:
mwambie Chilewa arudi dukani aliponunua,
aombe namba yenyewe.
Nikiingia mimi na waya, yaweza kufunguka,
yaweza kuzimika moja kwa moja.
Bei yangu elfu ishirini. Bei ya kungoja ni kungoja.
"Nimeshangoja mvua ya Mvumi," akasema. "Nitashindwa na simu?"

Siku ya tisa alirudi na kitochi chake mkononi,
ujumbe mmoja, tarakimu nane.
Yeye akazitaja, mimi nikaziingiza,
kidole kikasita kwenye ya mwisho.
Vijiti vya mawimbi vikasimama: kimoja, viwili, vinne.
Hakushangilia. Alipiga papo hapo,
akaanza kumgombeza mwanawe kwa Kigogo,
kisha akaniachia elfu mbili na karanga kikombe kimoja,
"za macho yako," alisema, "mikono hukuitumia."

Jioni nikavuta droo ya pili.
Kifaa kidogo, chepesi kuliko kisu cha kukatia masikio.
Sikukitupa. Nasema kweli, sikukitupa.
Nilikihamishia droo ya tatu,
ile inayokwama,
nikatafuna karanga mpaka giza likaingia.