Inchi Mbili za Pindo

Jina lilipotajwa redioni nilikuwa na pini tatu mdomoni.
Nikazitema zote sakafuni, nikapiga kigelegele,
Mbuke akaruka kutoka kwenye stuli
akidhani cherehani imenila kidole.

"Lugwisha! Tumempata Lugwisha!"

Ikabidi nimweleze taratibu, kama ninayekata kitambaa cha bei:
timu iliyoshika mkia ndiyo inayochagua kwanza,
na sisi Mabatini mkia tumeushika kwa mikono miwili,
misimu mitatu, bila kuuachia.
Safari hii mkia umetufungulia mlango.

Ana miaka kumi na tisa. Kwao ni kisiwani Kome.
Nilimwona mara moja tu, mechi ya vijana kule Nyakato,
kwenye ule uwanja wenye ufa unaotoka chini ya ringi
hadi katikati, kama mchirizi wa maji ya masika.
Wenzake waliuangalia ufa kabla ya kudunda.
Yeye aliuvuka kama mtu anayevuka kizingiti cha kwao.
Mpira ukigonga chuma, wengine walitazama juu;
yeye alikuwa ameshafika
pale utakapoangukia.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa hovyo.
Nimeshona mfuko wa shati mgongoni.

Namba kumi na nne nimeishona mara nne.
Masunga aliivaa, akaenda Dar, hata salamu hazifiki.
Nchambi aliivaa, goti likamsaliti mbele ya macho yetu,
tukasikia mlio wake mpaka jukwaa la nyuma.
Wa tatu simtaji, mama yake ni mteja wangu.
Na kila mara, wallahi, kila mara nilisema: huyu ndiye.
Ndaki wa vocha hachoki kunikumbusha.
"Dada Mageni, kila mwaka unatuletea mkombozi mwenye raba."
Namwambia, Ndaki, wewe mwenyewe kila mwezi
unacheza bahati nasibu ya friji,
na kwako hakuna umeme.

Jumatano kocha alimleta apimwe.
Aliinama mlangoni, akainama tena kwa feni.
Nikapanda juu ya benchi na futi yangu shingoni,
naye akanyoosha mikono pande mbili, ametulia,
kama korongo juu ya nguzo ya taa akianika mabawa.
Bega hadi bega. Bega hadi nyonga.
Futi ikaishia njiani, nikaweka kidole, nikaanza upya.
Nilitaka kumwambia mengi:
kwamba tunakuja na ngoma na masufuria,
kwamba usiku wadudu wa ziwa hujaa kwenye taa
kama moshi, wakaingia mdomoni ukishangilia,
na sisi tunashangilia hivyo hivyo, tunatema, tunaendelea;
kwamba hatujui tena ladha ya kuongoza robo ya mwisho.
Nikasema, "Geuka."

Yeye alisema neno moja:
"Mama, usibane kwapani."
Basi. Nimelisimulia mtaa mzima
kama hotuba ya Uhuru.

Sasa ni usiku, Mbuke amelala juu ya marobota.
Namba imekaa, nyeupe juu ya kijani,
uzi nimeupitisha mara mbili, ule wa kushonea mahema.
Na ndani ya pindo nimeacha inchi mbili,
kwa sababu miaka kumi na tisa bado ni mti unaopanda,
na kwa sababu, sijui,
mkono wenyewe ulikataa kukata.

Jumamosi, saa kumi na moja jioni.
Sare za shule zitasubiri, na bibi harusi wa Igoma atasubiri.
Akikosa, nitasema ni upepo wa ziwa.
Akikosa tena, nitasema ni ringi,
imelala kushoto tangu mwaka juzi, na nani asiyejua?
Akikosa mara ya tatu, Ndaki atanigeukia
na yale meno yake yote.
Nitamwambia aangalie pindo.