Waya Uiname Kidogo

Greenock, Novemba. Mvua ya huku hainyeshi,
inakaa tu, kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu.
Bi Ishbel ameleta gari lake likivutwa kwa kamba
kwa kuwa saa nane za usiku linajipigia honi,
linashusha dirisha la kushoto,
na jirani wa ghorofa ya juu ameandika barua.

"Lina pepo," ananiambia, na hatanii sana.
Gereji mbili zimeshakula pesa zake:
ya kwanza ilibadilisha kisanduku cha umeme,
ya pili ikabadilisha kisanduku kile kile.
Walitibu homa. Mbu hakuulizwa.

Mimi huanza na pua.
Nafungua mlango, navuta pumzi:
soksi, uyoga, daftari lililoloa likaanikwa kivulini.
Nabonyeza zulia kwa kiganja, upande wa abiria,
zulia linanijibu: chwaa.

Waliosema maji yakimwagika hayazoleki
hawakuwa na sponji ya Ruaridh.
Kazoa ndoo, kazoa na nusu yake,
akazoa na kibanio cha nywele, peremende iliyoota manyoya,
na tikiti ya feri ya Rothesay, ya watu wawili, tarehe imefutika.
Bi Ishbel ameipokea tikiti
akaitia pochini bila neno.

Chini ya zulia, kisanduku. Nachomoa plagi.
Pini ishirini na nne; saba zimeota kijani,
ile rangi nzuri ambayo fundi akiiona
moyo unamshuka.
Pini ya honi imeshikana na pini ya betri
kwa uzi wa chumvi mwembamba kuliko unywele.
Pepo ndiye huyo.

Lakini maji hayaingilii pale yanapolala.
Nimepaka poda ya mtoto bati lote la ndani,
Ruaridh nje na birika, mimi kichwa chini ya dashibodi,
miguu mvuani, tochi mdomoni.
"Mimina." Hakuna.
"Sogea kushoto. Polepole, hatuzimi moto."
Hakuna. Mgongo unanikumbusha umri.
Kisha mstari mmoja mweusi
unashuka katika weupe wa poda,
hauna haraka, unazunguka boliti, unaudandia waya,
unatembea juu yake kama sisimizi anayejua kwao.

Ni huko juu, chini ya kioo cha mbele:
tundu la kutolea maji limezibwa na majani
yaliyooza yakawa uji. Nimeyatoa kwa kidole.
Ngumi moja ya majani. Pauni elfu moja na mia tatu.

Nyaya zilizoingia weusi nimezikata, sikuzionea huruma,
maana maji hupanda ndani ya waya
kama mafuta ya taa ndani ya utambi,
yakaenda kuwaka mbali, usikotazamia.
Nimeunga, nimesugua pini kwa spiriti na mswaki,
nimetia grisi, nimebadilisha raba ya tundu.
Kisanduku nimekiinua juu ya vipande viwili vya plastiki:
mkazi wa bondeni halali chini.

Na la mwisho, nimemwonyesha Ruaridh mara mbili:
waya usiingie tunduni moja kwa moja.
Uiname kwanza, ushuke chini ya kizingiti, ndipo upande,
kama mtu mwenye adabu anayepiga hodi,
ili tone linaloufuata likute bonde,
lichoke, lianguke hapo hapo.

Bi Ishbel amelipa, akakaa kwenye usukani kitambo,
akapiga honi mara moja, yeye mwenyewe, kwa hiari yake.

Nimerudi nyumbani saa mbili.
Juu ya kitanda cha mwanangu doa limerudi tena,
umbo la sikio, limeongezeka kidole.
Nimelipaka rangi mwaka jana. Nimelipaka na mwezi wa nne.
Zulfa anauliza mkono wa tatu nitaupaka lini.
Nimesimama nalitazama.
Nimemuuliza poda ya mtoto iko wapi.