Milango Minne

Milango ile minne niliitengeneza mimi.
Mwerezi, unene wa vidole vitatu,
sufu ya kondoo imeshindiliwa katikati
ili tarumbeta za chumba cha pili
zisigombane na klarineti za cha tatu.
Padri aliinyunyizia maji ya baraka,
na mwalimu Evaristo akanishika bega:
"Abílio, humu hata radi ikipiga, nje hasikii mtu."
Neno hilo nililiweka mfukoni kama noti mpya.
Nimelitumia miaka ishirini na saba.

Kisiwa chetu ni chembamba: ukungu, jibini,
ua la hotensia kila ukingo wa njia.
Ng'ombe akichechemea Topo, Rosais wanajua ni wa nani.
Tulijua nani hulipia mvinyo na nani hukopa.
Hatukujua kwa nini binti wa Deolinda,
aliyepuliza vizuri kuliko wote,
aliitupa klarineti juu ya banda la kuku
ikalowa mvua juma zima.
Alikuwa na miaka kumi na mmoja.
Tulisema: amedekezwa.
Tukaendelea kula.

Februari hii, kwenye mkutano wa sikukuu ya Roho Mtakatifu,
kati ya hesabu ya mikate na hesabu ya supu,
Graciete alisimama. Siku hizi ni nesi,
mkono wake hautetemeki kwenye mshipa wa mtu.
Hakueleza mengi. Hakuwa na deni la kutueleza.
Alisema: chumba namba tatu.
Alisema jina lililochongwa kwenye marumaru ya ukumbini.
Mmoja akakohoa. Mmoja akasema marehemu hana wa kumtetea.
Ndipo Zulmira muuza samaki,
ambaye hajawahi kumaliza sentensi bila tusi,
akavuta kiti chake, akakiweka ubavuni mwa Graciete, akakaa.
Na Onofre wa lori la maziwa akavua kofia:
"Namba tatu," akasema. "Mimi ilikuwa Alhamisi."

Nilitazama viganja vyangu.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako;
hawakusema neno juu ya aliyeishona nguo.

"Msinililie kwa zamu," Graciete alisema.
"Humo mna watoto sasa hivi."

Basi tukaandika, nyuma ya karatasi ya mafungu ya nyama,
kwamba mtoto na mtu mzima hawafungiwi mlango pamoja.
Hata padri. Hata fundi. Hata babu yake.
Mwalimu mpya alinuna wiki mbili,
kisha akabeba mwenyewe kiti cha mzazi mpaka darasani.
Zulmira alipewa maneno ya kumwambia mtoto atakayekuja kusema;
aliyafanyia mazoezi mbele ya jodari na kolekole:
Nakuamini. Hukukosa wewe. Tutakwenda wote kuripoti.
Bila tusi hata moja.
Na kila Alhamisi maziwa yanachelewa,
kwa kuwa Onofre ana saa yake kwa mshauri, mjini Velas,
na wenye ng'ombe wanangoja na madebe yao
wala hawamuulizi.

Mimi nilileta msumeno.
Kila mlango, dirisha kwenye kimo cha macho,
na jingine chini yake, kwenye kimo cha macho ya mtoto.
Sufu ikamwagika miguuni pangu,
nyeupe bado, kama ya jana.
Kwenye mlango wa tatu Graciete alikuja
akashika upande mmoja wa kioo.
Nilitaka kumwambia: sikujua.
Lakini neno hilo nalo ni mlango mnene.
Nikalimeza, nikaomba bisibisi. Akanipa.

Marumaru tuliiondoa. Yalibaki matundu manne ya skrubu.
Nimekuja na lipu mara mbili, mara mbili amenirudisha.

Sasa Tomé, miaka tisa, anainyonga skeli ya fa
kila siku saa kumi na moja,
na barabara yote inamsikia, mpaka kwa mwokaji mikate.
Mbwa wanaitikia. Mke wangu anaziba masikio kwa aproni.
Hakuna anayeinuka kwenda kufunga.