Ubao wa Jesionka

Ni wa mwaloni, urefu pima moja kasoro shubiri.
Babu Wincenty aliuranda mwenyewe
majira ya baridi mto ulipoganda.
Akaja karani wa Kaisari, buti zimejaa theluji:
Andika jina la kijiji, kwa herufi zetu.
Babu hakuzijua. Akazichora
kama achoravyo maua kwenye kasha la bibi harusi,
na moja akaigeuza, ikawa inatazama nyuma.
Miaka kumi na miwili hakuna aliyegundua
ila farasi wa posta, aliyekuwa akisita pale.

Wakaja Wajerumani. Rangi nyeusi, herufi zenye miiba.
Walipoondoka waliondoka na kengele ya kanisa
na ng'ombe wawili wa Petronela, mmoja ana mimba.

Kisha, Novemba moja, tukaambiwa: hii sasa ni nchi yenu.
Babu aliuliza mara mbili.
Akaenda kwa Mordka Lewin, akakopa kopo zima la nyeupe,
akaandika polepole, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza.
Mvua ikanyesha. Hakuondoka.

Miaka ishirini na kitu. Deni la rangi alilipa kwa viazi.

Wakarudi wenye miiba.
Safari hii jina walilifuta, wakatunga lao.
Babu alikwenda kununua rangi, akakuta mlango umepigiliwa mbao:
Mordka, Fajga, watoto watano,
walipakiwa kwenye mikokoteni Jumanne alfajiri.
Tulichungulia pembeni mwa pazia.
Naliandika hili kwa sababu babu hakulisema hadi kufa:
tulichungulia pembeni mwa pazia.
Jina jipya aliliandika kwa masizi.

Wa nyota nyekundu walileta ubao wao, wa bati.
Wa mwaloni ukatupwa mtaroni.
Bibi akauokota. Mbao hazina serikali, alisema,
akaukata vipande, akafunikia pipa la kabichi, jiwe juu.
Kabichi ikachacha vilevile.

Wapiganapo tembo, ziumiazo nyasi.
Huku tembo hajawahi kukanyaga,
lakini nyasi tunazijua.

Jana nilikwangua kifuniko kwa kisu.
Masizi, nyeupe, nyeusi; na chini kabisa
ile herufi, bado inatazama nyuma.

Duka la Mordka siku hizi linauza mbolea.
Ukuta wake haukuwahi kuamriwa chochote.
Ukilowa mvua, chokaa hulegea, na tunasoma, tukipita haraka:
RANGI. MISUMARI. MAFUTA YA TAA.